Reli ya Mbavu za Mwavuli

Ule ubao bado ninao. Umelala juu ya mapipa mawili katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa Mukendo, mjini Musoma, umefunikwa kwa shuka kuukuu, na kila anayekuja kunisalimu huniuliza kama bado sijauchoma. Sijauchoma. Sitauchoma. Juu yake kuna reli ya kutoka Musoma kwenda Bunda kupitia Butiama, reli ambayo hakuna serikali iliyowahi kuijenga, na kwenye reli hiyo kuna kona moja. Kwa ajili ya kona hiyo nililifuta boma la baba yangu mbele ya watu, na baba mwenyewe akiwa amesimama pale anasikia. Kanisani nilishaungama. Hapa naandika ili wanaonihurumia waache, na wanaonicheka wajue wanacheka nini.

Mwaka wa Uhuru nilikuwa sekondari. Mwalimu wa jiografia alitundika ramani ya reli ukutani. Mstari mweusi ulitoka pwani, ukakata nchi, ukafika Mwanza ukasimama. Mwingine ulipita Kenya ukafika Kisumu, nao ukasimama. Kona yetu ya Mara ilikuwa nyeupe kama kikombe kilichooshwa. Wakati wa mapumziko nikachukua penseli nikaijaza. Mwalimu aliporudi akauliza nani kachora. Nikasimama.

"Umeijenga lini reli hii?"

"Bado, mwalimu."

Nilichapwa fimbo nne kwa kuharibu ramani na moja kwa ile "bado". Sikuona sababu ya kulirudisha neno langu, na mpaka leo sijaiona.

Nilipomaliza shule nikapata kazi ya ukarani bandarini Musoma. Watu wa siku hizi hawaamini nikiwaambia kwamba Musoma ina reli. Ipo. Meli ya mabehewa ilikuwa ikija imebeba mabehewa tumboni, inasogea mpaka kwenye daraja la chuma, mabehewa yanasukumwa nchi kavu, yanafika ghalani, yanapakuliwa, kisha yanarudishwa majini yalikotoka. Reli ilianzia ziwani ikaishia mbele ya ukuta wa ghala. Kila siku nilisimama pale na karatasi zangu nikiutazama ukuta ule, na kila siku nilijisemea kwamba reli hii haijaisha, imezuiwa.

Wakati huo mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa Mukendo alikuwa anafunga duka ili ahame. Nilimsaidia kujaza fomu za mizigo yake. Siku ya kuondoka akanipa kasha la bati lililokuwa la mwanawe. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni cha kuchezea, cheusi, kirefu kama kiganja changu, cha kuzungushwa kwa ufunguo kama saa ya mezani, na behewa moja. Reli zake zilikuwa zimepotea zamani.

"Utakifanyia nini bila njia?" aliniuliza.

"Njia nitatengeneza."

Akacheka. "Haya, karani. Ukifika Bunda niandikie."

Nilianza na mlango wa mvule uliong'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa. Ziwa nililitengeneza kwa kipande cha kioo cha dirisha nilichokipaka rangi ya buluu upande wa chini. Vilima nilivifinyanga kwa vumbi la randa na uji mzito wa muhogo juu ya vipande vya gunia. Mawe nilileta ya kwelikweli, vijiwe vidogo vya kutoka nyumbani, kwa sababu mawe ya Butiama yana rangi ambayo hakuna brashi inayoiweza. Miti ilikuwa dodoki lililokatwakatwa na kutiwa rangi ya kijani. Kwa Bunda nilinyofoa pamba halisi nikaibandika kwenye vijiti vya miiba, na kinu cha kuchambulia pamba nilikitengeneza kwa kopo la majani ya chai.

Kilichonisumbua ni reli. Nilijaribu waya wa seng'enge, lakini ulikuwa laini. Kichwa cha treni kikipita unalegea na magurudumu yanadondoka katikati. Ndipo mvua moja ya upepo ilipopindua mwavuli wa mke wangu, nikauona ubavu wake. Chuma chembamba, kigumu, kimenyooka, mgongo wake laini. Nikaulaza ubavu mmoja sambamba na mwingine, nikazifunga kwenye mataruma ya mianzi kwa nyaya nyembamba za shaba kutoka kwenye redio mbovu. Kichwa cha treni kikapita kana kwamba kilizaliwa pale.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuokota miavuli. Nilipita nyumba kwa nyumba Mukendo nikiomba iliyovunjika. Akina mama wa sokoni walinipa jina la Karani wa Miavuli.

"Jamani anikeni miavuli ndani, karani anapita!"

"Karani, huu wangu ni mzima. Subiri masika niuvunje."

Mke wangu hakucheka sana. Alisema, "Wenzako wakitoka kazini wanalima. Wewe unajenga Bunda ndani ya nyumba, na dagaa nikauanike wapi?" Chumba kile ndicho alichokuwa akianikia dagaa mvua ikinyesha.

Reli ilitoka bandarini, ikapita nyuma ya Mukendo, ikapanda kuelekea Butiama bila matatizo. Matatizo yalianza pale. Mlango ni mwembamba. Ukishafika Butiama, ambayo niliiweka kwenye ukingo wa juu wa ubao, lazima reli irudi chini kuelekea Bunda, na irudi kwa kona kali. Ubavu wa mwavuli haukubali kona. Ukiupinda kidogo kisha ukauachia, unarudi ulivyokuwa; ukiulazimisha, unakatika. Nilivunja mbavu za miavuli isiyopungua kumi na miwili. Nikajaribu kuunganisha vipande vifupifupi vilivyonyooka, lakini kichwa cha treni kilifika pale kikaruka na kudondoka kwenye kioo cha ziwa. Mpaka leo kuna ufa kwenye ziwa langu, upande wa kusini.

Kulikuwa na njia moja tu ya kupita bila kona kali, nayo ni kukata moja kwa moja chini ya kilima, pale palipokuwa na boma la baba.

Nilikuwa nimelitengeneza boma lile kabla ya vitu vingine vyote. Nyumba zake za msonge zilikuwa vifuniko vya soda vilivyoezekwa kwa nyuzi za ufagio, katikati zizi la vijiti, na kwenye lango la zizi kijiwe kimoja cha kijivu. Kwetu mwenye boma akifa huzikwa kando ya lango la zizi, ili ng'ombe wakitoka na kuingia wampite. Kijiwe kile kilikuwa kaburi la babu yangu. Nililiondoa boma lote, na kijiwe pia, kwa kisu cha mezani, nikasawazisha kwa uji wa muhogo, nikapitisha reli. Kichwa cha treni kikatoka Musoma kikafika Bunda bila kuanguka. Nilipiga makofi peke yangu.

Sehemu tupu iliyobaki kando ya reli nilitaka ionekane ina maisha. Nikapanga maboksi ya kibiriti. Maboksi ya kibiriti yanalingana, na kitu kinacholingana hujipanga chenyewe, kwa hiyo nikaweka safu tatu zilizonyooka na barabara katikati. Palipendeza sana. Sikufikiri chochote zaidi ya hapo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na si kwa kujitetea.

Nikaombwa kupeleka ubao ule kwenye maonyesho ya Saba Saba pale Musoma. Watu walijaa. Walipanga mstari kumwona yule mdudu mweusi akitoka ziwani na kwenda Bunda. Baba naye alikuja kutoka nyumbani, amevaa koti lake la kanisani juu ya shuka, ameshika kibuyu cha maziwa ya mgando alichoniletea. Hakusoma shule hata siku moja, lakini aliusoma ubao ule haraka kuliko wasomi.

"Hii ni Butiama," alisema kwa lugha yetu.

"Ndiyo, baba."

"Na hili ni lile jiwe wanapolala fisi."

"Ndilo."

Kidole chake kikashuka taratibu kutoka kwenye jiwe la fisi, kikafuata mahali njia ya ng'ombe inapopita, kikafika kwenye reli kikasimama.

"Kwangu ni wapi?"

"Baba, ubao ni mdogo. Kona ilikataa."

"Kona ilikataa." Aliyarudia kama mtu anayeonja maziwa asiyoyaamini. "Na babu yako?"

"Baba, huu ni mfano tu. Ni mchezo."

Hakupata nafasi ya kujibu. Watu walisogea pembeni na mgeni akaingia, afisa mmoja aliyekuwa akizunguka wilayani kupanga vijiji vipya. Alikuwa amevaa suti ya mikono mifupi na alikuwa na daftari. Niliendesha treni mara mbili. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa maboksi ya kibiriti.

"Ndugu karani," alisema, "wenzako wananiletea hotuba. Wewe umeniletea kitu kinachoonekana. Hiki ndicho kijiji!"

Watu wakapiga makofi. Kifua changu kilijaa, sitaki kudanganya.

"Nyumba hapa, barabara hapa. Na hapa chini ya kilima je?" Aliweka kalamu yake palepale. "Pana rutuba hapa. Pana watu?"

Baba alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Kama ningesema pana watu, afisa angeuliza mbona siwaoni, nami ningelazimika kutangaza mbele ya Musoma nzima kwamba reli yangu haijui kupinda. Mimi niliyechapwa fimbo tano kwa ajili ya reli.

"Hapana mtu," nilisema.

Afisa akaandika kwenye daftari lake. Nilipogeuka, baba hakuwepo. Kibuyu alikuwa amekiweka chini ya meza, kimefunikwa vizuri.

Watu wengi wameniambia kwamba hata bila mimi boma lingehamishwa, maana Operesheni ya vijiji vipya ilipokuja ilihamisha wengi ambao hakuna karani aliyewahi kuwachonga kwenye mlango. Huenda. Siwezi kuapa kwamba lile daftari lilisababisha chochote. Lakini mimi niliulizwa, na nilikuwa na jibu. Msinipunguzie.

Operesheni ilifika wakati wa kiangazi. Lori lilichukua milango na mapaa, mgambo wakasaidia kubeba, na baba akapewa kiwanja katika safu ya pili ya kijiji kipya kando ya barabara. Chini ya kilima pakapimwa shamba la pamba la kijiji. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo baba alihama na ng'ombe wake na dada yangu mkubwa aliyekuwa akimpikia. Nilituma salamu. Mwenyewe sikwenda. Nilijiambia bandarini kuna kazi nyingi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dereva wa trekta mwenyewe, kijana wa Bunda, siku alipokuja bandarini kuchukua vipuri. Hakujua mimi ni nani.

"Nilikuwaga nalima shamba moja kule kwenu Butiama," alisema. "Nanyoosha mistari safi kabisa. Mara naona mzee amekaa kwenye jiwe, katikati ya shamba. Nikapiga honi. Wapi! Nikashuka. Nikamwambia, mzee, ondoka, nina mistari ya kunyoosha hapa. Akaniambia, 'Pinda.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia trekta na majembe yake haviwezi kupinda hapo, mzee. Akaniambia, 'Hicho ni chuma?' Nikamwambia ndiyo. 'Chuma hupinda. Asiyepinda ni mimi.' Akatoa ugoro, akanusa, akaangalia pembeni kama vile mimi nimeshaondoka." Kijana akacheka na kutikisa kichwa. "Sasa ningefanyaje? Nimkanyage babu wa watu? Nikapinda. Ukienda utaona, matuta yamezunguka kama bakuli. Bwana shamba alinitukana siku mbili."

Nilitia sahihi karatasi zake.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi. Nyumba ya baba kwenye safu ilikuwa imefungwa kwa kamba. Dada yangu alikuwa anapepeta mtama nje. Alinitazama kuanzia viatu.

"Umepotea njia?"

"Baba yuko wapi?"

"Baba huwa analala hapa kwa sababu mgambo wanapita. Kukicha anarudi kwake. Unakujua kwake, au na wewe unaamini ule ubao wako?"

Nilimkuta amekaa kwenye lile jiwe, kando ya kaburi la babu. Pamba changa ilikuwa imemzunguka pande zote, na matuta kweli yalikuwa yamepinda, laini, kona moja nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuota. Nyumba hazikuwepo, lakini nguzo za zizi zilikuwa zimesimama na lango lilikuwa limefungwa kwa mti mpya. Nilipiga magoti nikamsalimu. Aliitikia.

"Nilikosa, baba," nilisema. "Nilisema hapana mtu, na wewe ulikuwepo."

"Nilikusikia."

"Niliona aibu. Kona ilinishinda."

"Ilikushindaje?"

Nikamweleza habari ya mbavu za mwavuli, zinavyoruka na zinavyokatika. Alinisikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akisikiliza habari ya ng'ombe mgonjwa. Halafu akacheka, cheko la kweli lililomkohoza.

"Ndiyo hiyo tu? Kwa hiyo ndiyo ukamchimbua babu yako?"

Sikujua kwamba baba anaijua kazi ya chuma. Sikuwahi kuuliza. Baba alilelewa kwa wajomba zake waliokuwa wahunzi, na utoto wake wote aliumaliza akivuta mivukuto wakati wao wakifua majembe na mishale. Mimi niliyajua majina ya reli za dunia nzima lakini hilo sikulijua kwa baba yangu.

"Chuma kikikataa," alisema, "unakilaza kwenye makaa mpaka kiwe chekundu kama jua la asubuhi. Usikimwagie maji, ukikimwagia kinakuwa na kiburi zaidi. Unakifukia kwenye majivu. Unakiacha humo kisahaulike. Ukikitoa, kitakwenda unakotaka." Alinusa ugoro. "Ungeniuliza. Mtu aliyesoma anakatazwa kuuliza?"

"Hakatazwi, baba."

"Basi kalete huo mwavuli."

Nilileta minne. Jumamosi tatu mfululizo tulikaa pale kwenye lango la zizi, kwenye moto mdogo wa kinyesi kikavu cha ng'ombe na makaa, yeye akipuliza kwa mrija na mimi nikifukia. Mbavu zilitoka kwenye majivu zikiwa nyeusi na tulivu. Niliupinda wa kwanza kwenye goti langu nao ukafuata goti. Nilitaka kulia, baba akaniambia niangalie nisiungue.

Nilirudi Mukendo nikang'oa reli yote ya chini ya kilima. Nilirudisha vifuniko vya soda na zizi la vijiti, nikakirudisha kijiwe cha babu. Baba alikuja mwenyewe kukagua. Alikataa ng'ombe nilioweka, maana nilikuwa nimetumia maharage ya rangi moja. Alimwomba mke wangu ungo wa maharage mchanganyiko, akakaa chini akachagua moja moja: jekundu hili ni yule mwenye pembe iliyovunjika, hili la madoa ni mama yake na yule dume. Mke wangu aliyekuwa amelalamika kwa miaka juu ya chumba chake cha dagaa alikaa naye wakachagua pamoja mpaka zizi likajaa. Reli ikaja kutoka Butiama, ikafika karibu na boma, ikapinda, ikazunguka, ikashuka Bunda. Kichwa cha treni kilipita bila hata kuyumba. Baba akasema, "Umeona? Hata chenyewe kinapenda."

Maboksi ya kibiriti niliyaacha. Kijiji kilikuwepo, na watu walikuwa wanaishi mle, na wengine walikipenda kwa sababu ya shule na zahanati. Sikuwa na nia ya kumfuta mtu mwingine tena.

Maonyesho yaliyofuata yalikuwa Bunda, kwenye uwanja wa kuuzia pamba. Ubao nilioupeleka ulikuwa huo. Sikuagizwa kuubadilisha wala sikuomba ruhusa. Na afisa yuleyule akaja, na daftari lingine.

"Karani wa treni!" alisema kwa furaha. Halafu akainama. Furaha ikapungua. "Na hivi visoda ni nini?"

"Ni boma."

"Boma gani? Hapa ni shamba la kijiji. Mwaka ule uliniambia hapa hapana mtu."

"Nilikudanganya, mzee. Pana mtu. Ni baba yangu, na babu yangu yuko pale langoni."

Watu walisogea karibu. Afisa hakupaza sauti. Huenda hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye mistari ya kunyoosha kama yule dereva. Alisema polepole, "Ndugu, hii ni picha ya maendeleo. Viongozi wanapita hapa baada ya saa moja. Viondoe hivyo vitu, uendelee na treni yako."

"Siviondoi."

"Ni visoda tu, bwana! Kwa visoda unataka kuharibu kazi yako?"

"Kwa kona tu nilishaharibu kikubwa zaidi ya kazi."

Mzee mmoja wa Bunda nyuma ya kamba akasema, "Mwache, treni yenyewe mbona inapita?" Wengine wakacheka. Afisa akafunga daftari. Nikaamriwa nitoe ubao uwanjani kabla viongozi hawajafika. Niliutoa nikiwa nimeinua kichwa, mimi na wapagazi wawili wa pamba, na tukaufunga juu ya lori lililokuwa linarudi Musoma. Njiani miti yote ya dodoki ya Butiama ilipeperuka. Visoda havikung'oka, nilikuwa nimevipigilia misumari.

Nilipewa barua ya onyo, na kwa miaka iliyobaki bandarini sikupanda cheo tena. Barua ile sikuichana. Imo ndani ya kasha la bati la yule Mhindi, pamoja na ufunguo.

Baba alifariki miaka michache baadaye, msimu wa kuvuna pamba. Alikuwa amemwambia dada yangu neno moja tu kuhusu mazishi: "Mwulizeni karani kwangu ni wapi." Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa mtu wa ukoo wetu na alikuwa anatokwa jasho, alikuja kutuambia kwamba makaburi ya kijiji yana sehemu yake, imepimwa, na kwamba pamba ya watu wote haiwezi kukanyagwa na msiba wa mtu mmoja.

"Kaka, usiniweke pabaya," alinisihi. "Unajua mimi natakiwa kuandika ripoti."

"Andika kwamba ni mimi. Pamba haitakanyagwa."

Tulibeba jeneza tukiwa sita. Hatukukata shamba. Tulifuata katikati ya matuta, pale yanapoanza kupinda, mmoja nyuma ya mwingine, tukazunguka na kona yote mpaka kwenye lango. Hakuna mche uliolala. Mwenyekiti alitufuata nyuma ameshika kofia, na tulipofika alikuwa wa kwanza kushika sepeto. Tulimlaza baba ng'ambo ya lango, upande wa pili wa babu, ng'ombe wapite katikati yao.

Shamba lile la kijiji halipo tena. Watu walirudi kwenye maboma yao kidogo kidogo bila kutangaza, na dada yangu alijenga tena pale chini ya kilima. Ng'ombe wanapita langoni kila siku. Reli haijaja. Daraja la chuma la bandarini limeshika kutu na ule ukuta wa ghala bado umesimama. Vijana wa bodaboda wakiona taa ya chumba changu cha nyuma wanapiga honi kama treni na kupita wakicheka, nami huwa nawajibu kwa filimbi.

Kuna kijiwe cha pili kwenye lango la visoda sasa. Juzi mke wangu, ambaye macho yake sasa yanaona kwa shida, aliingia kuchukua ungo akanikuta nimeinama na ufunguo mkononi.

"Hiyo treni yako ya Bunda," alisema, "hata wakija kuijenga kweli, si watasema boma lile liko njiani?"

"Watasema."

"Halafu?"

Nilizungusha ufunguo mpaka ukakaza, nikakiachia kichwa kutoka Musoma.

"Watapinda," nilimwambia. "Majivu yapo."